Kijana wa Malindi Hahitaji Amplifaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri uliotolewa majuma mawili yaliyopita katika ukurasa wa teknolojia. Kijana mmoja wa Malindi aliuliza kwa nini muziki anaousikiliza kwenye kompyuta kwa hedifoni zisizo na waya humfikia kana kwamba mwimbaji amefungiwa ndani ya debe, naye akajibiwa kwamba kompyuta yake ni dhaifu, na kwamba anunue kwanza amplifaya, yaani chombo cha kukuza nguvu ya sauti, na kadi ya sauti ya nje, kisha hedifoni za bei kubwa kadiri mfuko wake utakavyomruhusu. Mwandishi wa ukurasa huo huandika vizuri kuhusu simu na nimefaidika naye mara nyingi. Katika jambo hili, hata hivyo, ameanza kuezeka kabla ya kujenga, na kijana akimfuata atamaliza fedha zake na debe litabaki pale pale.

Mimi si fundi wa elektroniki. Ni mkazi wa Mkomani hapa Lamu, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya jioni imekuwa kuzihamisha kanda za taarabu za harusi za jamaa na majirani kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta kabla utepe haujaliwa na ukungu. Kazi hiyo hunilazimu kuvaa hedifoni saa nyingi, na kwa kuwa nilikosea kununua mara mbili kabla ya kupatia mara moja, nadhani ninalo la kusema.

Tuanze na debe lenyewe, maana katika swali la kijana mlikuwa na jambo ambalo aliyemjibu alilipita bila kuligusa: alisema hedifoni zake zina maikrofoni na kwamba huzitumia pia kwa masomo ya mtandaoni. Hedifoni nyingi za Bluetooth, yaani hizo zisizo na waya, zina njia mbili za kupokea sauti kutoka kwa kompyuta. Njia ya kwanza ni ya muziki, ambapo sauti huenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta hadi sikioni, nayo huenda kwa mikondo miwili, wa kulia na wa kushoto. Njia ya pili ni ya mazungumzo, ambapo sauti yako pia hurudi kwenye kompyuta kupitia maikrofoni ya hedifoni, na kwa kuwa nafasi hewani ni ileile, kila kitu hubanwa: mikondo miwili huwa mmoja, na sauti zote zilizo juu ya hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) 4,000 hivi, au hezi 8,000 katika vyombo vya karibuni, hukatwa na kutupwa. Kwa kuzungumza na mwalimu hilo linatosha kabisa. Kwa fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni halitoshi hata kidogo, na mtu akiulizwa ausimulie muziki uliokatwa hivyo, neno litakalomjia mdomoni ni debe.

Kompyuta huhamia njia hiyo ya pili yenyewe, bila kumwuliza mtu, pindi programu yoyote ya mikutano au ya simu inapoishika maikrofoni ya hedifoni, hata kama mkutano umekwisha na programu imebaki wazi nyuma ya dirisha jingine. Mpwa wangu alinijia na tatizo hilo hilo mwaka jana, akiwa tayari ameshapiga hesabu ya hedifoni mpya. Tulikaa darini, tukaweka wimbo anaoujua, nikaifunga programu ya darasa lake iliyokuwa imejificha. Wimbo ulikuwa katikati ya ubeti. Ulikatika kwa sekunde moja, kisha ukarudi umefunguka pande zote mbili, naye akazivua zile hedifoni na kuzitazama kana kwamba nimembadilishia. Tangu hapo, anapokuwa darasani huchagua maikrofoni ya laptopu yenyewe katika mipangilio ya sauti, na hedifoni hubaki katika njia ya muziki. Kwenye Windows 10 hedifoni za namna hiyo huonekana mara mbili katika orodha ya vyombo vya sauti, mara moja kwa jina la Stereo na mara ya pili kwa jina la Hands-Free. Anayesikiliza muziki achague lile la kwanza. Gharama ya matibabu haya ni sufuri, na ndiyo maana nimeona vibaya kijana kuambiwa akanunue amplifaya.

Pengine amekwisha kufanya hayo na bado hakuridhika, au anataka tu kitu bora zaidi, jambo ambalo ni haki yake. Hapo swali huwa ni fedha ianzie wapi, na jawabu langu ni kwamba ianzie kwenye hedifoni, si kwenye vyombo vinavyozitangulia. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kiwambo, yaani utando mwembamba wa plastiki uliogandishwa na koili ya waya, na koili hiyo imekaa katikati ya sumaku. Umeme wa wimbo ukipita, kiwambo hutikisika kama ngozi ya ngoma na kuisukuma hewa. Hedifoni nyingi mno zimeundwa kwa mpango huo tangu kampuni ya Beyer ya Berlin ilipotoa DT 48 mwaka 1937. Kuitikisa hewa sawasawa kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, ambao ndio upeo wa sikio la kijana, ni kazi ngumu, na sijasikia hedifoni iliyoiweza yote: kila moja huongeza huku na kupunguza kule kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kadhaa, na ndiyo sababu wimbo mmoja husikika mzito katika hedifoni hizi na mwembamba katika zile. Kile kigeuzi kilichomo ndani ya kompyuta, kinachozigeuza namba za faili kuwa umeme, kwa kawaida hupotoka kwa sehemu ndogo tu ya desibeli moja. Kukibadilisha kigeuzi ukaacha kiwambo kibaya ni sawa na kuosha mikono kwa sabuni ya manukato kisha ukashika samaki.

Tofauti ya kiwambo niliijua kwa kanda moja ya udi ya marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, ambayo nimeisikiliza tangu ujana wangu. Kwa vile visikilizi vidogo vilivyokuja na simu, udi ulikuwa udi, basi. Nilipovaa hedifoni za studio kwa mara ya kwanza, nilisikia risha ikigonga uzi kabla uzi haujalia, kisha mlio wenyewe, kisha tumbo la udi likivuma chini yake, na mahali fulani mpigaji akivuta pumzi. Kanda ilikuwa ileile, na kompyuta ileile, tena ya zamani, ambayo kibodi yake imepoteza herufi mbili.

Lakini hedifoni nzuri hufichua mengine pia ambayo mtu hakuyaomba. Nyimbo nyingi tunazopeana kwa flashi hapa Lamu zimetolewa mtandaoni, zikabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde au chini ya hapo, kisha mtu mwingine akazibana tena kutoka katika faili iliyokwisha kubanwa. Katika faili kama hizo njuga za tari ndizo zinazoumia kwanza: badala ya kulia, husikika kama mchanga unaochekechwa. Hakuna hedifoni wala amplifaya itakayoyarudisha yaliyokwisha kutupwa. Mwenye kaseti au CD ya asili aihifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti ambayo imekuwapo tangu 2001 na haitupi kitu, au kwa MP3 ya kilobiti 320 ikiwa nafasi ni ndogo. Mimi mwenyewe, nikifunikwa macho, sizitofautishi. Wala msomaji asihangaike kutafuta faili za kilohezi 192, yaani zenye sampuli (vipimo vya sauti) 192,000 kwa sekunde. CD ilipotoka mwaka 1982 ilichukua sampuli 44,100 kwa sekunde kwa sababu sampuli zinatakiwa ziwe zaidi ya maradufu ya sauti nyembamba kabisa inayosikika, na sikio la binadamu halivuki hezi 20,000. Langu, baada ya miaka 58, linakoma mbali kabla ya hapo. Na anayependa santuri za kale, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ajue kwamba vinasa sauti vya enzi hizo havikubeba mengi zaidi ya hezi 6,000. Hedifoni za gharama zitampa mkwaruzo ulio wazi zaidi, na sauti ya Bi Siti itabaki pale pale ilipo.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe, ambao mwandishi wenu aliumaliza kwa sentensi moja ya bei. La kwanza ambalo ningemwuliza kijana ni anakaa wapi. Hedifoni zilizo wazi, ambazo vikombe vyake vina matundu nyuma ya kiwambo, huupa muziki nafasi, na kichwa hakihisi kufungwa. Sennheiser walianza kuziuza mwaka 1968 kwa aina yao ya HD 414. Lakini zinavujisha sauti kwenda nje na kuingiza kelele za nje. Kwetu Mkomani nyumba ni za mawe, kuta ni nene, na vichochoro havipitiki kwa magari, kwa hiyo usiku baada ya sala ya isha hedifoni zilizo wazi hunifaa sana, mradi mke wangu hajalala chumba kilekile. Kijana wa Malindi, ikiwa dirisha lake linatazama barabara ya bodaboda na tuktuk, achukue zilizofungwa. Zile zenye kuua kelele kwa umeme husaidia dhidi ya mvumo wa kudumu kama wa feni au injini. Punda akiamua kulia, hazimwezi.

La pili ni joto. Zilizofungwa, zenye mito ya ngozi bandia, ndizo zinazotoa jasho, na katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, saa moja ni nyingi. Mito ya kitambaa hupitisha hewa, ingawa hupoteza besi kidogo. Tena ngozi bandia haistahimili unyevu wa pwani: huanza kupasuka, kisha humenyuka magamba meusi yanayobaki shingoni na masikioni, jambo ambalo nimelieleza mara mbili kwa watu waliodhani nina ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza kama mito yake huuzwa peke yake na kama waya wake huchomoka, kwani hivyo viwili ndivyo vinavyokufa kwanza. Mimi hulaza zangu ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu.

La tatu sijaliona likiandikwa popote, na katika miji yetu ni kubwa. Hedifoni hutoa besi pale tu mito inapoziba vizuri kuzunguka sikio. Dada yangu aliazima zangu akanirudishia akisema hazina besi na kwamba nimeibiwa. Nilipomtazama akizivaa, niliona amezivaa juu ya mtandio. Kitambaa kikikaa kati ya mto na ngozi, hewa hupenya, besi hutoroka, na sauti nyembamba nazo hufifia. Mikono ya miwani hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Kofia haizibi masikio, lakini ukanda wa hedifoni huikandamiza juu ya utosi hadi nakshi zikaacha alama, kwa hiyo mimi huivua. Dada yangu sasa hutumia visikilizi vidogo vya kutia ndani ya sikio, chini ya mtandio, na ameridhika. Vinakuja na vipira vya ukubwa wa aina tatu, na besi yake yote inategemea kuchagua kipira kinachoziba. Watu wengi hutumia kile kilichokuja kimevikwa tayari, kisha hulaumu kiwanda.

Ndipo tufike kwenye amplifaya. Sikatai kwamba ina kazi yake. Kwenye maelezo ya hedifoni mna kipimo cha ukinzani kinachoandikwa kwa omu, na pembeni yake kipimo cha sauti inayotolewa kwa umeme kiasi fulani. Zenye omu nyingi hutaka volti nyingi zaidi kuliko laptopu nyingi zinavyoweza kutoa. Beyerdynamic, ndio wale Beyer wa DT 48, huuza DT 770 Pro kwa omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinakaribia kufanana, kwa hiyo mtu anaweza kuagiza ya 250 kwa kudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora, kisha akaichomeka kwenye kompyuta, akaivuta sauti hadi mwisho, na mwimbaji akabaki mbali kama aliye ng'ambo ya mkondo. Sennheiser HD 600, zinazosifiwa tangu 1997, ni za omu 300, na mwenye hizo namshauri awe na amplifaya. Lakini Sony MDR-7506 ni omu 63, na Audio-Technica ATH-M50x ni omu 38. Hizo huchomekwa moja kwa moja kwenye laptopu na zikaimba mpaka masikio yaombe msamaha. Sina hisa katika kampuni yoyote kati ya hizi. Nazitaja kwa sababu ukinzani wake umeandikwa wazi, na anayeusoma kabla ya kulipa hujiokolea gharama ya chombo cha pili.

Kadi ya nje, ambayo ni kigeuzi kilichowekwa nje ya kompyuta, nayo ina kazi, ila si ile iliyotajwa. Weka wimbo, usimamishe, uiache sauti pale unapoiweka siku zote, kisha usikilize kimya. Ukisikia mvumo, chomoa chaja. Ukikoma, tatizo ni umeme, na mara nyingi hupungua ukitumia soketi ya pini tatu yenye waya wa ardhi badala ya adapta isiyo nao. Ukisikia vijilio vinavyobadilika kila unaposogeza puku (mausi), basi ni vyombo vya ndani ya kompyuta vinavyovujia kwenye tundu la hedifoni, na hapo kigeuzi cha nje kitakusaidia kwa sababu kinaifanya kazi hiyo nje ya sanduku. Hakihitaji kuwa kikubwa. Kile kikebo kifupi cha USB-C kinachouzwa kwa ajili ya simu zisizo na tundu la hedifoni, mradi kina kigeuzi ndani yake, huifanya kazi hiyo kwenye kompyuta pia. Na ikiwa kimya ni kimya kweli, usinunue kitu.

Nilisema nilikosea mara mbili. La kwanza lilikuwa hilo la omu. La pili lilitokea Mombasa, katika duka ambalo sitalitaja, nilipouziwa hedifoni zenye jina kubwa kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi. Boksi lilikuwa zuri, na maandishi yalikuwa sahihi isipokuwa herufi moja niliyoiona nikiwa tayari kwenye boti ya kutoka Mokowe. Besi yake ilivuma kwa sauti ileile moja, kila wimbo, kama mtu anayepiga pipa, na zilipofika msimu wa kusi kikombe cha kushoto kilinyamaza. Sisi wa Lamu tuna shida ya pekee hapa: tunaagiza kwa basi na boti, hatujaribu kabla, na kurudisha ni safari ya siku nzima. Anayeweza kujaribu, ajaribu kwa wimbo wake mwenyewe, si ule wa muuzaji. Azivae nusu saa ili ajue uzito. Na anapolinganisha jozi mbili ahakikishe zinalia kwa kiwango kimoja cha sauti, maana iliyo juu kidogo hudhaniwa kuwa bora, na wauzaji wanalijua hilo. Asiyeweza kujaribu, na ambaye hedifoni zake za sasa hazijachakaa, aanze na ikwalaiza, yaani programu ya kupandisha au kushusha sehemu moja moja ya sauti, kama besi. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo Equalizer APO, na kupunguza desibeli tatu au nne mahali sauti inapochoma kunaweza kumwondolea hamu ya kununua. Apunguze zaidi kuliko kuongeza, kwa sababu kuongeza hufanya sauti ipasuke.

Jambo moja zaidi ambalo ukurasa wenu ungestahili kulitaja ni afya ya masikio, hasa mtu anaposhauriwa kununua amplifaya. Shirika la Afya Duniani linaweka kiasi salama cha kusikiliza kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90 saa hizo hushuka hadi nne tu kwa wiki nzima. Kijana anayekaa kwenye kelele, akiwa na hedifoni zisizoziba, huongeza sauti ili aishinde kelele, na akipewa amplifaya ataiongeza zaidi, wala hatajua hadi atakapoanza kusikia mlio usiku wakati hakuna kinacholia.

Kwa hiyo, Mhariri, namwomba mwandishi wako amwandikie tena kijana huyo, amwulize mambo mawili: ni programu gani zilizokuwa wazi wakati muziki ulipoingia debeni, na je, akichomeka visikilizi vyovyote vya waya kwenye tundu la kompyuta hiyo hiyo, debe lipo au limeondoka? Likiondoka, kompyuta haina kosa. Likibaki, atueleze ni wimbo gani na ameutoa wapi, nami nitakuwa tayari kuandika tena.

Wako,
Mhamisha kanda,
Mkomani, Lamu